Mwenyekiti Asiyeinua Kadi

Mimi ni mdaku, na sioni sababu ya kuficha. Miaka yote niliyoendesha basi la shule nilizoea kuwatazama watu kupitia kile kioo cha juu, na nilipostaafu macho yalikataa kustaafu pamoja nami. Kila asubuhi nafungua mlango wa gereji, natoa kiti changu, namimina kahawa, na kutoka hapo naiona barabara yetu ya Quail Bend yote, kuanzia bwawa la kuogelea mpaka langoni. Kwa hiyo nikikueleza habari za Delbert Tackett, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ujue sikuhadithiwa na mtu.

Delbert alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wenye nyumba. Mtu mrefu, mkavu, masharubu meupe, kofia ya ukili haimtoki kichwani. Zamani alikuwa fundi wa mitambo hospitalini huko Mesa, na mikono yake haikujua kukaa bure. Bomba likimpasukia mtu, anaitwa Delbert. Mlango wa gereji ukigoma, anaitwa Delbert. Hataki malipo, mpe kipande cha pai ya pichi, ataondoka anapiga mluzi. Lakini mtu huyo huyo akipanda kile kigari chake cha gofu siku ya Jumatatu kukagua mtaa, usingemtambua. Pipa la taka limeachwa nje, notisi. Magugu yameota kwenye changarawe ya mbele ya nyumba, notisi. Taa za Krismasi bado zinawaka mwezi wa pili, notisi na mahubiri juu yake. Mimi mwenyewe aliwahi kunibandikia moja kwa sababu ya bata wa plastiki niliyemweka karibu na sanduku la barua.

"Delbert, huyu bata amekukosea nini?" nikamuuliza.

"Bata hana kosa, Twyla. Kosa analo mwenye bata."

Lakini kilichokuwa kikimkaa moyoni hasa ni wapangaji. Kanuni ya wapangaji ilitoka mikononi mwake. Kabla ya hapo nyumba namba nne ilikuwa ya bwana mmoja wa California ambaye hatukuwahi kumwona, akiipangisha kila wikendi kwa vijana wapya. Muziki, chupa ndani ya bwawa, na siku moja gari likaingia kwenye ukuta wa jirani yetu Burdette Knox likalala humo. Delbert akaketi akaandika, akazunguka nyumba hadi nyumba akieleza, na mkutano ukapitisha. Nyumba zisizozidi kumi ndizo zinazoweza kupangishwa kwa wakati mmoja. Zikijaa, mwenye kutaka kupangisha anajiandikisha kwenye foleni na kusubiri zamu yake. Mume, mke, mzazi na mtoto wa mwenye nyumba hawahesabiki kuwa wapangaji. Mwingine yeyote anahesabika. Atakayekutwa anapanga kinyume cha hapo anapewa siku thelathini, aondoke. Niliiunga mkono kanuni hiyo na sijajuta, kwa sababu ndiyo iliyoturudishia usingizi.

Sasa, miaka michache baadaye Delbert na mkewe Lavonne waliachana. Hawakurushiana vyombo wala maneno. Lavonne alipakia gari akaenda kuishi Tucson, Delbert akabaki na nyumba. Hivyo ndivyo tulivyosema sote, kwamba amebaki na nyumba, kwani si ndiye tuliyemwona ndani yake? Hapakuwa na mtu aliyeuliza zaidi, hata mimi, na hilo linanishangaza mpaka leo.

Mwaka huo huo Delbert akagombea uenyekiti. Nilishangaa, maana alikuwa mtu wa kuchukia vikao. Alipenda kubandika notisi, si kusikiliza malalamiko ya waliobandikiwa. Hakupata mpinzani. Kwenye mkutano wetu wa mwaka kila nyumba hupewa kadi moja ya kijani, na kura hupigwa kwa kuinua kadi. Mwenyekiti haiinui ya kwake, ila kura zikilingana. Ni desturi ya zamani, na kwa kuwa hapakuwa na aliyekumbuka kura kulingana Quail Bend, mwenyekiti wetu alikaa mwaka baada ya mwaka kadi yake ikiwa imelala mezani kifudifudi. Nilidhani amechoka na mambo ya kuchagua upande.

Halafu nikaanza kuona vitu. Barua za kodi ya ardhi zikifika, wanaume wa mtaa huu hukusanyika kando ya bwawa kuilaani serikali ya jimbo, kila mmoja na barua yake mkononi, ni kama sikukuu. Mwaka mmoja Delbert akapita, akasimama nao, akatikisa kichwa kwa huzuni kama wengine. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani zimeletwa lini?" Wengine hawakulitilia maanani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha jua nimejifunika uso kwa gazeti, na masikio yakasimama. Mwenye nyumba gani hajui barua ya kodi imefika?

Mara nyingine kamati ya chama ikaagiza milango yote ya mbele ipakwe rangi upya. Delbert, aliyetia sahihi agizo hilo, ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Vipi mlango wako?" nikamuuliza.

"Nasubiri kibali."

"Kibali cha nani, wakati kamati ni wewe?"

Akacheka kicheko kifupi, akakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Nilivitafuna vitu hivyo peke yangu na kahawa yangu. Nikakisia kwamba ana mwanamke anayemwendesha. Nikakisia madeni. Nikakisia hata kwamba ameanza kupoteza kumbukumbu, nikawa namuuliza leo ni tarehe ngapi, naye akinitazama kama mimi ndiye niliyepoteza.

Kisha ukaja Julai. Kiyoyozi cha Delbert kikafa katikati ya joto kali kiasi kwamba hata mijusi walikuwa wakikimbia kutoka kivuli hadi kivuli. Nikasema, haya, fundi ana kazi nyumbani kwake mwenyewe. Lakini hakugusa kitu. Alikaa kwenye gereji yake na taulo la maji shingoni na feni ndogo miguuni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu aliyewahi kupanda paa langu kutengeneza kiyoyozi changu, huku nikimpigia kelele ashuke asije akafa!

Nikavuka barabara na jagi la chai ya barafu. "Delbert, hebu niambie. Huwezi kukitengeneza, au umeamua kujipika?"

"Kuna mtu anakuja."

"Mtu gani anayekijua kuliko wewe?"

"Twyla," akasema, macho yamefumbwa, "chai yako tamu sana. Ahsante."

Siku ya nne mtu akaja. Gari la fundi, na nyuma yake gari dogo jekundu, na kutoka humo akashuka Lavonne, miwani ya jua usoni na funguo mkononi. Delbert alikuwa ameenda kuoga kwenye bafu la bwawani. Mimi nilishavuka barabara kabla hajafunga mlango wa gari.

"Lavonne! Kumbe bado unaijua njia ya huku!"

"Naijua, na nina haraka. Huyu fundi nimempata kwa kumbembeleza."

"Umemletea Delbert fundi? Jamani, mapenzi hayazeeki!"

"Mapenzi gani, mama? Nyumba yangu ikiharibika kitu, si juu yangu kutengeneza? Mimi ndiye mwenye nyumba, yeye mpangaji."

Nikamwomba arudie. Lavonne akavua miwani.

"Hajawaambia?"

"Atuambie nini?"

"Hii nyumba ilinunuliwa kwa urithi wa baba yangu, na hakimu akaniachia mimi. Delbert alinisihi asihame. Nikasema sawa, kaa, ulipe kodi kama watu. Aliniapia kwamba ameieleza kamati." Akatazama ile nyumba, akapumua. "Na wala sina malalamiko. Kama mpangaji, hana mfano. Kama mume, tuyaache."

Nilirudi kwenye kiti changu. Kwanza nilipata furaha, siwezi kudanganya, ile furaha ya kitendawili kilichonisumbua miaka kupata jibu. Barua za kodi zilikwenda Tucson, kibali cha rangi kilitoka Tucson, na uenyekiti aliutaka ili asiinue kadi isiyo yake. Baada ya furaha ikaja hasira. Nilimkumbuka mwalimu mmoja aliyepanga bila foleni namba kumi na tano, na jinsi Delbert alivyomsimamia mpaka sanduku la mwisho likaingia kwenye lori. Wakati huo huo yeye mwenyewe alikuwa anapanga! Kisha hasira ikapoa, nikaona kilicho mbele yake. Nyumba kumi zilikuwa zimejaa na foleni ipo. Jambo hili likijulikana, Delbert ana siku thelathini za kutoka kwenye nyumba aliyokaa zaidi ya miaka ishirini, kwa kanuni aliyoiandika mwenyewe. Nikaamua kufunga mdomo. Wanaonijua wataelewa kwamba huo ulikuwa mzigo.

Nikaufunga Agosti, nikaufunga mpaka Krismasi ikapita. Kila asubuhi Delbert akitokea mlangoni nampungia mkono kwa uchangamfu, ili asishuku kitu.

Mnamo Januari aliwagundua akina Quintero. Mzee Gunderson wa namba tisa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akachoka kusubiri, akaenda kuishi kwa mwanawe Nevada na kuwapangisha Marisela na Abel Quintero kimyakimya. Watu wapole, na mabinti mapacha wa darasa la pili. Marisela alikuwa msaidizi wa daktari wa meno na hakuweza kupita mbele ya gereji yangu bila kuniuliza hali ya jino langu la nyuma. Delbert aliwapelekea notisi mwenyewe. Nilimwona amesimama mbele ya mlango wao na karatasi mkononi, akarudi kwenye kigari, akazunguka mtaa mzima, akaja tena, ndipo akaibandika.

Nikamngoja kwake. "Delbert, wale watoto wako katikati ya muhula."

"Najua."

"Sasa?"

"Kanuni haichagui, Twyla."

Niliuma ulimi mpaka nikahisi ladha ya damu. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, na niliyoyaona sikuyaelewa. Alionekana kama mtu mgonjwa tu.

Aliyetaka kuwaokoa akina Quintero alikuwa Faye Sandoval, makamu wa mwenyekiti, na hakuficha kwamba anajiokoa yeye mwenyewe pia. Dada yake alikuwa mgonjwa Oregon, hana wa kumuuguza, na Faye asingeweza kukaa huko bila kupangisha nyumba yake hapa. Alikuwa wa pili kwenye foleni, nyuma ya Gunderson, kwa miaka mitatu. Akaleta hoja kwenye mkutano wa mwaka: idadi ipande kutoka nyumba kumi hadi kumi na mbili.

Ukumbi wa kando ya bwawa ulijaa Jumamosi hiyo asubuhi. Kahawa, donati, na kelele. Delbert aliketi mezani mbele na kinyundo chake, Faye kando yake. Akina Quintero waliketi viti vya nyuma kabisa, kwani mpangaji huruhusiwa kusikiliza, lakini hakai na wenye kadi na hasemi mpaka apewe nafasi. Marisela alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Nilimwona akijaribu kumwangalia kila mtu machoni, mmoja mmoja, na watu wakitafuta kitu cha kufanya na donati zao.

Burdette Knox aliomba kusema. Nyumba yake inapakana na ya Delbert, na sauti yake inatosha mitaa mitatu.

"Leo kumi na mbili, kesho ishirini! Keshokutwa tutakuwa hoteli! Mpangaji hana uchungu na mahali, jamani. Anakaa kama abiria. Mimi mpangaji namnusa hata akiwa upande wa pili wa ukuta!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikohoa mpaka jirani yangu akanipa maji. Delbert alikuwa akiitazama meza.

"Wanaokubali, kadi juu," akasema.

Niliinua yangu, na mimi mwenyewe nilishangaa, kwani nilikuwa nimekuja nikidhani nitakataa. Faye akahesabu. Kisha wanaokataa. Akahesabu. Akakunja uso, akaomba tuinue tena pande zote, akahesabu akigusa hewa kwa kalamu. Akageuka kwa Delbert.

"Zimelingana."

Mnong'ono ukapita kwenye viti. Watu wakaanza kutabasamu, kwani hili lilikuwa jambo jipya kwetu, mwenyekiti kuamua.

"Haya, bwana mwenyekiti," Faye akasema. "Kura yako."

Mimi nikaanza kumpigia Delbert hesabu. Akinyamaza, hoja inakufa, akina Quintero wanaondoka, Faye anabaki, na yeye anarudi nyumbani kama alivyotoka. Akiinua kadi, hakuna ambaye angejua kwamba ameinua ya Lavonne. Delbert aliichukua ile kadi. Aliinyanyua kidogo tu, hata haikufika kifuani. Nyuma kabisa Marisela alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili. Delbert akaiweka kadi chini.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi kuamua?" Faye akauliza.

"Siwezi kupiga kura. Kadi hii si yangu. Nyumba ni ya Lavonne, tangu tulipoachana. Mimi ni mpangaji wake, na sikuwahi kuiambia kamati wala kukaa kwenye foleni. Miaka mitano nimewabandikia notisi huku mimi mwenyewe sistahili kuwepo."

 Wa kwanza kupata sauti alikuwa Burdette.

"Mpangaji?"

"Ndiyo."

"Kwenye nyumba iliyopakana na yangu?"

"Ndiyo, Burdette."

"Kumbe pua ina mafua!" mtu akapaza sauti kutoka pembeni, na watu wakacheka, kile kicheko cha wasiojua wafanye nini kingine. Burdette akawa mwekundu mpaka kipara.

"Basi si umwoe tena yule mama?" akafoka. "Kanuni inasema mume si mpangaji! Yaishe!"

"Nilimwomba," Delbert akasema. "Mwaka juzi. Alisema anaipenda zaidi kodi."

Hapo watu walicheka kweli, na yeye pia alitabasamu kidogo, na mimi nikaona uchungu, kwa sababu nilijua hakuwa anatania.

Faye alikuwa ameshika kichwa. "Delbert, samahani. Sijui hata niseme vipi. Lakini mpangaji… mpangaji hakai mezani."

"Ni kweli," akasema. Akasukuma kinyundo upande wa Faye, akachukua kofia yake, akatembea katikati ya viti mpaka nyuma. Hatua zake zilisikika zote. Marisela Quintero, ambaye mtu huyu alikuwa amembandikia mlangoni karatasi ya kumfukuza, aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni ili apate pa kukaa.

Burdette alikuwa bado amesimama. Alifungua mdomo mara mbili bila kutoa kitu, jambo ambalo Quail Bend haijawahi kuliona.

"Nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga," akasema hatimaye, "ni huyu aliyeniogesha. Majuma mawili. Mwanangu mwenyewe alituma maua." Akageuka nyuma, akamnyooshea Delbert kidole kwa hasira. "Nimekukasirikia, we mtu! Usidhani sijakukasirikia! Faye, hesabu upya. Nabadilisha yangu."

Faye akahesabu upya. Kadi ya Burdette ilikuwa juu kuliko zote, uso umenuna. Hoja ikapita kwa kura ya Burdette na za wawili wengine waliomfuata.

Shangwe ikalipuka. Abel Quintero alifuta macho kwa mkono wa shati. Watu wakamgeukia Delbert, wengine wakainuka kwenda kumpiga mabega. "Umepona, mzee! Nyumba kumi na mbili! Umepona!" Nami nilikuwa napiga makofi kama mtoto, mpaka nikamwona ameinua mkono na kuuacha hapo juu. Ilichukua muda Faye aelewe kwamba anaomba ruhusa ya kusema.

"Sema, Delbert."

"Nafasi zimeongezeka mbili," akasema. "Gunderson ni wa kwanza kwenye foleni, kwa hiyo akina Quintero wanabaki. Wa pili ni wewe, Faye. Zimeisha."

Kelele zikashuka polepole, mtu baada ya mtu akipiga hesabu kichwani. Faye alifunika mdomo.

"Delbert, mimi naweza kusubiri kidogo zaidi."

"Dada yako hawezi."

"Lakini wewe—"

"Mimi nitaandika barua kwa Lavonne, akipenda ajiandikishe. Atakuwa wa mwisho. Ahsante kwa kuniruhusu kusema." Akashusha mkono.

Hakuna aliyejua mkutano unafungwaje baada ya hapo. Faye alipiga kinyundo mara moja, taratibu, na watu wakatoka bila kumaliza donati.

Nilimkuta Delbert nje, amesimama juani kofia mkononi. Tukatembea pamoja kurudi kwetu. Nilikuwa na maswali ya kutosha safari ya kwenda Tucson na kurudi, lakini lililotoka ni moja.

"Kwa nini hukunyamaza tu? Hoja ingekufa, na jioni ungelala kwako. Nani angejua?"

"Wewe ulikuwa unajua."

Nikasimama katikati ya barabara. "Nani kakwambia?"

"Lavonne. Alinipigia simu siku ile ile ya kiyoyozi, anajilaumu kwamba ameropoka."

"Delbert, sikumwambia mtu! Hata mmoja! Mimi, Twyla!"

"Ndilo lililonimaliza hilo," akasema. "Kila asubuhi nafungua pazia nakuona pale kwenye gereji. Najiambia, haya, leo ndiyo leo, leo atasema. Unanipungia mkono. Kesho yake tena unanipungia mkono. Tangu Julai, Twyla. Ungenivukia barabara ukanitukana, ningelala usingizi."

 Miezi yote hiyo nilijiona mwema. Nilijisifu kimoyomoyo kila nilipouinua ule mkono, na kumbe nilikuwa namchoma mtu kisu kidogo kila siku na kahawa mkononi. Mimi niliyeona barua za kodi na mlango usiopakwa rangi sikuliona hilo, na lilikuwa mbele ya macho yangu kila kulipokucha.

Tulifika kwake. Alisimama kwenye ngazi akitafuta ufunguo mifukoni.

"Unahama lini?" nikamuuliza.

"Siku thelathini. Kanuni ni ile ile."

"Nitakuja kukusaidia kufunga mizigo."

"Najua utakuja," akasema. "Unataka kuona kilichomo kwenye makabati."

"Nataka," nikamwambia, na hapo hapo, mbele ya mtaa mzima, nikaanza kulia.